Kiti cha Baba Mkwe na Ngozi ya Kusaga

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Mama mkwe ameniletea kiti cha marehemu baba mkwe nikivishe ngozi upya. Mimi! Ni miaka tisa tangu nimuoe binti yake, na miaka yote hiyo makochi yake yanakwenda kwa Mhandisi, ng'ambo ya barabara. Mhandisi mwenyewe si mhandisi. Ni fundi wa makochi kama mimi, ila anavaa miwani na kuning'iniza futi kamba shingoni, basi watu wakamvika cheo.

Kiti kimeshushwa mlangoni kwangu mchana kweupe. Nimekiacha nje nusu saa nzima nikijifanya napima mlango kama kitapita. Mhandisi ametoka, amekiona, amefuta miwani, amerudi ndani. Nimeingiza kiti.

Mama mkwe ametoa maagizo akiwa amesimama, mkoba begani. Kwamba sehemu ya kukalia imechanika. Kwamba anataka ngozi halisi, kama ile aliyoizoea mzee, na hela ya ngozi hii hapa. Kwamba ngozi ya zamani nisiitupe. Kwamba anakuja Jumamosi. Halafu sauti ikampungua. Akasema akikitazama kiti hiki bado humwona mume wake amekikalia, na kwamba binti yake ndiye aliyemsihi anipe mimi kazi, kwa hiyo nisimwangushe binti yake.

Ananiita fundi. "Habari za kazi, fundi." "Haya, fundi." Wakwe wenzangu wawili huwaita mwanangu, na mmoja wao hajui hata kupigilia msumari. Wiki hii nami nitaitwa mwanangu. Nimeapa.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa muuza ngozi. Ameniuliza nataka ya ng'ombe au ya kusaga. Nikauliza ya kusaga ndiyo ipi. Akanieleza: vipande vinavyobaki viwandani vinasagwa unga, unga unachanganywa na gundi ya plastiki, unabandikwa juu ya kitambaa, kisha unapakwa rangi na kupigwa chapa ya vinyweleo. Bei ni robo ya ile ya ng'ombe. Nikamuuliza, sasa hiyo ni ngozi au si ngozi? Naye akaniuliza, nyama ya kusaga ni nyama au si nyama?

Nimenunua mita saba.

Hela iliyobaki nimeagizia kibao cha dukani. Cha Mhandisi kina urefu wa mita moja. Changu kitakuwa na mita mbili: BINGWA WA NGOZI HALISI.

Mchana nimekivua kiti. Ngozi ya mzee imetoka vizuri, ukiacha pale pa kukalia. Mgongo mzima, mkono wa kushoto mzima, mkono wa kulia mzima. Mikono imeiva, myeusi, laini, inang'aa. Mzee alikaa humo miaka thelathini akisoma gazeti na kuligombeza.

Nikiwa bado nakunja vipande, akaingia daktari wa meno, yule aliyefungua kliniki mwezi uliopita jengo la pembeni. Anataka viti vinne vya wagonjwa kusubiria, ngozi halisi, na alishawahi kuuziwa plastiki, kwa hiyo safari hii hadanganyiki. Nimemwonyesha mita zangu saba. Akauliza atajuaje kuwa ni halisi.

Sijui akili ile ilitoka wapi. Nilichukua mkasi, nikakata kipande cha ukubwa wa kiberiti kutoka mkono wa kushoto wa baba mkwe, nikakiwasha mbele ya macho yake. Kikajikunja, kikawa cheusi, kikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Hakikuyeyuka hata kidogo. Daktari amefurahi, ametoa oda papo hapo. Hakuuliza kipande na mita saba vina undugu gani.

Kasoro moja tu. Saluni ya mke wangu na karakana yangu ni ukuta mmoja. Harufu imepenya. Nimemsikia mteja wake akilalamika kwamba anaunguzwa kichwa, kumbe hata kuwekewa draya alikuwa bado.

Mama mkwe alisema ngozi ya zamani nisiitupe. Sijaitupa. Kuichoma si kuitupa.

Jumatano, 6 Machi

Habari za kiberiti zimeenea. Leo wamekuja watu watano kuona ngozi isiyoyeyuka. Nimechoma mara tano, kila mara kipande kikubwa zaidi. Mkono wa kushoto umekwisha, nimeanza kupunguza mgongo. Mgongo ni mpana, utatuvusha mpaka mwezi ujao.

Wa sita alikuwa Mhandisi. Aliingia mikono nyuma, akatazama, akainama, akauliza kwa upole kwa nini kipande ninachochoma kina rangi ya kahawa na ngozi iliyo mezani ina rangi ya tofali. Nimemwambia ni mambo ya mwanga. Wivu tu.

Kazi yenyewe imeanza kwa shida. Ngozi hii haipendi kuvutwa. Nimevuta kona ya kwanza, imepasuka. Nimevuta ya pili taratibu, imepasuka taratibu. Nimeazima draya ya mke wangu nikaipasha moto ilegee. Ikalegea kweli, ila pale nilipopiga pini ikaacha nyufa. Nyufa nimezizibia kiwi ya viatu. Ukisimama mbali kidogo huoni.

Mke wangu amekuja kudai draya yake. Amesema wateja wawili wameondoka na nywele zikiwa zimesukwa nusu, kwa sababu ya harufu. Amezunguka meza yangu mara mbili, ameniuliza vipande hivi ni vya nini, nikamwambia takataka. Ameondoka amekumbatia mfuko. Sikuuliza ni mfuko wa nini, nilikuwa na kona ya tatu mkononi.

Alhamisi, 7 Machi

Kimekamilika! Kinang'aa. Mshono umenyooka kutoka bega hadi mguu, na hilo naweza kujisifu bila kuona haya, maana kwenye mshono sina mpinzani mtaa huu. Mke wangu amepitisha kidole juu yake pole pole, akasema mishono yangu ndiyo iliyomfanya anikubali zamani zile, nilipomshonea begi lililokatika mkanda.

Halafu akaniuliza hii ni ngozi gani. Nimemwambia ni ngozi halisi ya kusaga. Maneno mawili ya mwisho nimeyakohoa.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nimekaa kwenye kiti ili kukijaribu. Nimekaa vizuri, mguu juu ya mguu, nikifikiria jinsi mama mkwe atakavyoniita. Kulikuwa na joto. Nilipoinuka, kiti kilibaki na umbo la mgongo wangu, na shati langu limebaki na kiti. Vipande vidogo vidogo vya rangi ya tofali, mgongoni kote. Mteja wa saluni ameniuliza kama naumwa ngozi.

Nikafikiri haraka. Ngozi ni ngozi, na ngozi kavu inataka mafuta. Nimechukua kopo la mafuta ya nywele ya mke wangu, nimekipaka kiti chote, mikono, mgongo, mpaka chini. Saa nne kilikuwa kinapendeza kuliko jana. Saa sita jua likaingia dirishani, kikaanza kutoa malengelenge. Saa nane kilikuwa kinamenyuka kama kitunguu. Chini yake kitambaa cheupe, pee.

Maji yamenifika shingoni, lakini sijazama. Nimekifunika shuka. Kesho nitamweleza mama mkwe kwamba ngozi mpya lazima ipumzike wiki tatu bila kuonwa. Fundi akisema hivyo, nani atabisha?

Jumamosi, 9 Machi



Mama mkwe amefika saa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya kupumzika, na nimeitoa yote. Amesikiliza mpaka mwisho. Akasema hakuna shida, kiti kipumzike, yeye amefuata ngozi ya zamani. Hasa ule mkono wa kulia.

Nikamuuliza wa nini. Akakaa kwenye kigoda changu akanieleza. Kwamba mzee hakuwa msemaji. Jioni alikaa kwenye kiti, yeye akakaa pembeni yake kwenye kigoda kama hiki, wakasikiliza redio. Mzee akitaka kusema jambo alikuwa anagonga mkono wa kulia wa kiti kwa kidole. Mara moja maana yake tukalale. Mara mbili maana yake bado kidogo. Yeye naye alikuwa anaweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa mzee, papo hapo, miaka thelathini. Kwamba ngozi ile imeiva kwa mikono yao wawili. Kwamba tangu mzee aondoke, kila jioni anapashika kidogo ndipo anapata usingizi, na hizi siku tano amelala vibaya.

Nimesema naufuata. Nimekwenda nyuma ya meza. Mkono wa kulia haupo. Nimepekua vipande, nimepekua pipa, nimepekua hata chini ya cherehani. Haupo. Basi nimeuchoma nao bila kuangalia. Nimewachomea wapita njia mikono ya wazee wawili kwa ajili ya viti vya daktari wa meno. Niliona aibu. Si ile aibu ya kukamatwa, hiyo naijua. Hii ilinifanya nitamani ningempata baba mkwe mwenyewe nimpigie magoti.

Mtu mwenye busara angetoka akasema kweli. Mimi nimemwomba mama mkwe apite saluni kwa binti yake anywe chai kidogo.

Nilikuwa na robo saa. Nimekata kipande cha ngozi ya kusaga kwa umbo la mkono wa kiti. Nimechemsha chai nzito ya rangi, nimekilowesha, nimekikausha kwa pasi, nimekipaka kiwi nyeusi, nimekisugua kwa chupa mpaka kikang'aa. Kilitokea vizuri mno. Nilikaribia kuamini mwenyewe.

Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili. Akakinusa. Akanusa tena, muda mrefu. Akakigeuza upande wa pili, akaona kitambaa. Akachukua kiberiti mezani kwangu, akasema amesikia sifa za kipimo changu huko mtaani, hebu nasi tuone. Akawasha.

Kikayeyuka. Kikadondosha matone meusi sakafuni, moshi mzito, harufu ya beseni la plastiki lililoangukia moto. Mke wangu akatokea mlangoni akasema leo kwa mara ya kwanza wiki nzima hakuna mteja aliyeshika kichwa chake.

Mama mkwe akaniuliza kama mkono wa mzee nimeuchoma. Nikasema ndiyo, mama. Nikasema nilidhani ni takataka. Nikakiri na hela ya kibao pia, nikasema nisamehe, na nilikuwa namaanisha. Yeye akasimama, akavuta shuka, akakitazama kiti kilivyomenyuka. Kipande kikamganda kidoleni. Akakipuliza.

Hapo ndipo mke wangu alipouweka ule mfuko mezani. Ndani yake mkono wa kulia, mzima, umefungwa kwenye taulo safi la saluni. Aliuchukua Jumatano. Amesema alinusa nywele zinaungua na hakuna kichwa kilichoungua, akajua mume wake yuko kazini. Nikamuuliza kwa nini basi ameniacha niteseke namna ile. Akasema alitaka kuona nitafika wapi, na kwamba alitegemea nitaishia kabla ya chai.

Mama mkwe ameuweka ule mkono shavuni, akafumba macho. Kisha akaanza kucheka. Amecheka mpaka akajifuta machozi, sijui yalikuwa ya kicheko yote au la. Ameniambia mikono yangu ni mizuri, fundi, kichwa ndicho kinachoniponza. Halafu hukumu. Nikivue kiti upya. Nikafute oda ya kibao, hela ile ninunulie ngozi ya ng'ombe. Na nikate ngozi hiyo nikisimamiwa na Mhandisi.

Bora angenichoma mimi.

Jumanne, 12 Machi

Mhandisi amekuja na miwani mbili. Moja ya kuangalia ngozi, nyingine ya kuniangalia mimi.

Amenifundisha kugeuza ngozi kwanza, kuitazama tumboni kabla ya usoni. Upande wa ndani wa ngozi ya ng'ombe una nyuzinyuzi laini kama manyoya, hauna kitambaa. Amenionyesha kovu la mwiba, amenionyesha pale kupe alipong'ata. Amesema ngozi isiyo na kovu ni ya ng'ombe asiyewahi kutoka nyumbani, au si ya ng'ombe. Nilikuwa nayajua haya. Karibu yote.

Saa saba tulikaa kula. Nikamuuliza kama yeye hajawahi kuikata ngozi ya kusaga. Akavua miwani akaifuta. Kisha akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza wa kazi alimvishia mama yake mzazi kochi zima, na mama yake akawa anakwenda sokoni na vipande mgongoni, watu wanampukuta. Mama yule hajalalamika mpaka leo, akiulizwa husema kochi la mwanawe linamfuata kila aendako kwa mapenzi. Nusura nimpende Mhandisi.

Alipoondoka aliutazama mshono wangu karibu sana. Akasema ni bora kuliko wake. Akaniomba nisimwambie mtu. Nimewaambia watatu tu.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimefanya jambo bila kutumwa na bila hila. Naliandika kwa sababu si kawaida.

Nimemwomba mama mkwe aniazime ule mkono wa zamani kwa siku mbili. Alisita, akaniletea mwenyewe, akamwachia binti yake aulinde. Nimeushona juu ya ngozi mpya, palepale ulipokuwa. Kwa mkono, si kwa cherehani, nikipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya fundi wa kwanza, moja baada ya moja, nisiongeze tundu jingine. Nimechomwa vidole vinne. Nimemaliza saa kumi na moja jioni, mgongo hauinuki.

Mhandisi alisimama mlangoni akavua miwani. Mke wangu alinikanda mabega bila kuniuliza chochote.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mkwe amekuja. Hakukaa kwenye kiti. Alivuta kigoda, akakaa pembeni, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauweka pale. Saluni walizima draya. Akagonga kwa kidole mara mbili, akasubiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba bado kidogo, mzee, bado kidogo.

Kisha akanigeukia akasema, "Ahsante, mwanangu."

Nimetoka nje. Daktari wa meno alinikuta nimeegemea ukuta, akaniuliza ninalia nini. Nimemwambia ni gundi, inaumiza macho. Akaniacha hapo, akaingia kukitazama kiti wakati wabebaji wanakitoa. Aliinama kuutazama ule mkono muda mrefu.

Jumatatu, 18 Machi

Daktari wa meno amerudi. Nilikuwa nimejipanga kumwambia ukweli wa mita saba, na nimeuanza vizuri, lakini hakunipa nafasi. Amesema habari za ngozi halisi tuziache. Anachotaka sasa ni mikono. Viti vyote vinne viwe na mikono iliyoiva, myeusi, iliyoshikwashikwa, kama kile kiti. Kwa sababu kliniki yake ni mpya, wagonjwa wanaingia wanaona kila kitu kinang'aa, wanaogopa. Wakiona mahali ambapo watu wameshika mikono ya kiti kwa miaka mingi wakatoka wazima, watatulia.

Nimemweleza kwamba mkono wa namna ile unahitaji miaka thelathini na watu wawili wanaopendana. Akafikiri. Akasema anaweza kusubiri wiki mbili.

Nimetafakari asubuhi nzima. Mita mbili za ngozi ya kusaga bado ninazo. Na huu si udanganyifu, maana hakuuliza ni mikono ya nani. Nikiangalia nyuma, kosa langu la Jumamosi ile lilikuwa moja: chai ilikuwa nyepesi. Ingekaa usiku kucha kwenye majani, mama mkwe asingenusa kitu.

Tatizo ni alama za kushikwa. Viti vinne, mikono minane, lazima isuguliwe na viganja tofauti, visifanane. Nimevuka barabara kumwomba Mhandisi aje asugue saa moja kila siku, kwa kuwa ana viganja vipana. Amenitazama, amevaa miwani ya pili, amefunga mlango wake.

Haidhuru, nitaanza peke yangu. Mke wangu amepita sasa hivi akauliza sufuria kubwa namna hii la chai ni la nani. Nimemwambia tunategemea wageni wanne.